Umenipeleka Vitani Bila Kuniuliza

Ilford, Landani
9 Novemba, mfungo nane

Mke mwenzangu Afra,

Wiki mbili ulisema. Ulisimama pale mlangoni na begi lako la magurudumu ukasema, "Bibi, wiki mbili tu, nakwenda kuwachekesha wanajeshi, narudi." Mwezi umekwisha na mwengine umeingia, na mimi nakaa dirishani kama paka aliyeachwa na waliohama. Huna haya. Mtu akenda kuchekesha ndiyo hulala huko huko?

Haya, salamu, usije ukasema bibi yako hana adabu. Asalaam aleikum. Sisi wazima. Mamako Suad yumo na shifti zake za usiku pale nyumba ya wazee, anarudi asubuhi miguu imevimba, chai anakunywa amesimama. Lifti imekufa tena. Kaunsili, wenye jengo, wamebandika karatasi, Amisha wa ghorofa ya chini kanisomea, inasema watakuja kutengeneza. Haisemi lini. Na goti langu na ngazi hazipatani, kwa hivyo Ilford Lane naiona kwa juu tu, kwenye kioo, watu wamebeba mifuko yao ya bamia na mimi nimebeba macho. Wewe umefungika kisiwani na hao wanajeshi, mimi nimefungika ghorofani. Anayetoka ni mamako peke yake, naye anatoka kwenda kazini.

Amisha kaniletea vitamu vya Diwali, sukari imezidi lakini nimekula. Fataki zimepigwa tangu Diwali mpaka juzi, siku ile ya Waingereza ya kuchoma mtu wa matambara. Mimi nilikaa ninapokaa. Unapajua.

Sasa maneno yenyewe. Mamako kaniambia vita vimewashika huko, ndege za raia zimesita, simu mmenyang'anywa, na barua zinapita posta ya jeshi. Kanipa karatasi hii ya bluu inayojikunja ikawa bahasha, haitaki hata stempu. Hapo nimewashukuru. Skuli sikwenda, unajua. Baba alisema msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Lakini chuoni kwa Maalim nilikwenda, na herufi za msahafu hakuna aliyeweza kunipokonya. Kiswahili changu nakiandika kwa hizo. Na wewe nilikupeleka madrasa kila Jumamosi kwa basi, mvua ikinyesha, theluji ikianguka, ukilia njia nzima unataka kubaki kutazama katuni, ili uje unisome. Haya, nisome. Na unijibu kwa herufi hizo hizo. Usiniandikie Kizungu nikasomewa na jirani.

Nijibu jambo moja: unawachekesha kwa kitu gani? Mamako nikimuuliza anafungua friji. Wanawake wa msikitini walipanda kuja kunitazama, wakahema kwanza, kisha mmoja akaniuliza, "Mjukuu wako anawachekesha wanajeshi wa nani?" Nikamwambia, wa mama zao. Chai hawakuimaliza.

Nimekutumia kifurushi, Amisha kanipelekea posta. Mna visheti, vesti za joto, udi, chetezo kidogo cha shaba na yale makaa ya duara yaliyofungwa kwa karatasi ya fedha, yanayoshika kwa njiti moja. Fukiza hapo unaposimama. Watu wote wale wanakutazama wewe peke yako, kila mmoja na jicho lake. Mna na barua ndani. Isome upate akili.

Bibi yako,
Ghalia


Kambini (pa wapi hawataki niseme)
26 Novemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Naibusu mikono yako yote miwili. Mwandiko wangu utaucheka. Huo mstari wa salamu umenichukua muda wa kikombe kizima cha chai, na mwanajeshi aliyekaa karibu yangu aliniuliza kwa nini naandika kinyumenyume. Nikamwambia ndiyo mbele yenyewe.

Mimi mzima. Msalimie sana mama, mwambie asile amesimama.

Tulikuja wasanii wengi, sasa tumebaki wachache tuliokosa ile ndege ya mwisho. Yupo mama mmoja mwimbaji, Teresia, amekuwa akiwaimbia wanajeshi tangu mimi sijazaliwa, kila nchi waliyopigana amekanyaga. Nilimwambia mimi nilikubali kazi ya wiki mbili tu. Akasema, "Mwanangu, hawa wakicheka jioni, wanalala. Wakilala, hawakosei asubuhi. Na huku kukosea unajua maana yake." Yeye anaita khidma ya nchi. Anasema hivyo bila kuona haya, huku anashona kifungo. Mimi neno hilo nikilisema mdomoni linanikaa kama meno ya bandia. Lakini nitakwambia kitu, Bibi. Huku hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nikisema Ilford, wanasema, ah, Ilford. Basi, imekwisha.

Tunafanya maonyesho kwenye bwalo la kulia, jioni moja ndiyo, moja hapana. King'ora kikilia tunaingia chini ya meza, sote, mpaka makamanda. Kisha tunatoka, najifuta vumbi, naendelea pale nilipoachia.

Umeniuliza nawachekesha kwa kitu gani. Kwa mambo ya nyumbani tu. Mambo madogo madogo ya maisha.

Kifurushi hakijafika. Lakini khabari njema: nimepata kiti kwenye ndege ya jeshi ya tarehe 6 Desemba, mimi na Teresia. Mwambie mama aombe ruhusa kazini aje kunipokea.

Wako,
Afra


Ilford
14 Desemba, mfungo tisa

Afra,

Salamu zipo. Sisi wazima. Lifti bado.

Mamako aliomba ruhusa. Alipanda treni, akapanda basi, akasimama kwenye kiwanja cha jeshi katika baridi ya kukata masikio mpaka wakatoka wa mwisho. Akatoka mwanamke mtu mzima kabeba gitaa. Mamako akamwendea, "Mwanangu Afra yuko wapi?" Akajibiwa, "Afra mzima, amechelewa kidogo." Mamako anasema yule mama alimjibu huku anatazama magurudumu ya begi lake. Biriani niliyopika imeliwa kwa Amisha.

Hilo moja. La pili nilitaka kulinyamazia, nimeshindwa.

Amisha alikuja na simu yake, anafurahi. "Aunti, njoo umwone Afra, amekuwa maarufu." Wanajeshi walikupiga picha ya video ile wiki ya kwanza, kabla hawajazuiliwa simu, wakaitia huko wanakotia. Nikavaa miwani. Nikaona mwanamke kafunga khanga ya zambarau, khanga yangu, niliyoitafuta tangu Ramadhani mpaka nikamsingizia mamako kuwa kaipoteza kwa dobi. Kainama mgongo. Anasema puani. Anamwambia mwanajeshi mkubwa wa mwili, "Wewe, nani kakukata nywele, adui?" Nikacheka, Wallahi. Nikasema, nani huyu? Kumbe ni mimi.

Kisha ukaleta usiku wa fataki. Ukaingia chini ya meza na sufuria la wali. Ukapiga makelele, "Wamekuja, wamekuja, leteni kachumbari." Bwalo zima likaanguka. Amisha akacheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka, akaizima simu.

Afra, jambo hilo halijui mtu. Babu yako alilijua, Mungu amrehemu. Mamako analijua na halisemi. Wewe ulilijua kwa sababu ulikuwa mdogo, ukanifuata chini ya meza, ukala wali wangu, ukalala mapajani mwangu. Mimi nilidhani umelala.

Umenichukua ukanipeleka vitani bila kuniuliza. Mimi niliyekwisha kutoka vitani mara moja, nikasema sirudi.

Wanawake wa msikitini hawajaiona. Wakiiona watapanda ngazi mbio.

Kuna wanaume wawili wamegonga mlango juzi mchana. Niliwaona kwenye kitundu, viatu vinang'aa, mmoja kashika faili. Sikufungua. Mamako sijamwambia, ana yake.

Sijui niimalize vipi barua hii. Kula.

Ghalia


Kambini
2 Januari

Bibi,

Shikamoo.

Barua yako imechelewa sana kunifikia, na ilipofika ilikuwa imeshafunguliwa.

Ni kweli. Ni wewe. Nilianza nyumbani, kwenye vile vilabu vidogo vya Landani. Nilikuwa nikisema mambo yangu hakuna anayecheka, nikikufanya wewe, nikikuigiza, wanacheka. Khanga niliichukua mimi, mwombe radhi mama. Na siku ile chini ya meza sikulala. Nilifumba macho, nilikuwa nakusikiliza unavyopumua.

Nimeacha kukufanya. Jumamosi nilisimama nikawasimulia habari za treni na za wenye nyumba za kupanga. Wakarudi kwenye sahani zao. Nyuma huko mmoja akasema, "Tunamtaka Nana." Ndivyo wanavyokuita. Wakapokea meza nzima, kisha bwalo zima, Nana, Nana. Nikashuka. Tangu siku hiyo sijapanda, na hakuna aliyenilazimisha.

Kiti changu alipewa mtu aliyekihitaji zaidi.

Usihangaike na kifurushi, visheti si kitu. Bora usitume tena, Bibi. Usitume kitu chochote. Nimehamishiwa chumba cha peke yangu. Kizuri, kimya. Dirisha dogo. Chakula naletewa.

Mwambie mama mimi mzima.

Afra


Ilford
21 Januari, Shaabani

Mke mwenzangu,

Skuli sikwenda lakini akili sikuiacha huko. Usitume kitu chochote. Chumba cha peke yako. Chakula unaletewa. Mgonjwa huletewa chakula, na bibi harusi, na mfungwa. Mgonjwa ungesema. Harusi ningealikwa.

Basi wale wawili waliporudi kugonga, nikafungua. Unajua mimi na watu wa serikali mlangoni. Niliutoa mnyororo wa mlango, nikaurudisha, nikautoa tena. Lakini nilifungua.

"Vueni viatu," nikawambia. Kizungu changu cha dukani, lakini kwa kugombea kinatosha. Wakatazamana. Mmoja mzee mwekundu wa uso, mwengine kijana wa Kihindi, jina lake Surinder. Wakavua. Yule mzee soksi yake ina tundu, nikajifanya sikuona.

Surinder akanionyesha picha. Chetezo changu, udi wangu, makaa yangu, yamepangwa juu ya meza nyeupe kama maiti. "Bibi, hiki ni nini?"

"Mamako hachomi kitu nyumbani?"

"Anachoma udi wa vijiti."

"Basi unajua ni nini. Kwa nini unaniuliza?"

"Haya makaa yana dawa ya kushika moto. Yamekwenda kwenye kambi ya jeshi, wakati wa vita. Na ndani mna barua imeandikwa Kiarabu."

"Si Kiarabu. Ni Kiswahili."

"Msomaji wao wa Kiarabu ameisoma yote, anasema haina maana hata neno moja. Wanadhani ni maneno ya siri."

Hapo ndipo nilipofahamu, Afra. Mimi. Mimi ndiye niliyekushusha kwenye ndege. Mimi ndiye niliyekutia kwenye chumba cha dirisha dogo, na wewe ukanificha, ukanambia visheti si kitu.

Nikawambia kaeni niwaonyeshe. Nikachukua chetezo kikubwa, nikatia kaa, nikawasha njiti, nikaweka udi. Nikamfukiza Surinder koti lake, na yule mzee naye kwa kuwa alikuwa karibu. Nikasahau ile mashine ya moshi kwenye dari. Ikapiga. Unaijua inavyopiga.

Na mimi nikaenda chini ya meza.

Sikukata shauri. Mwili ulikwenda, na sahani ya visheti mkononi. Nikamsikia yule mzee anaipepea mashine kwa faili lake, anatukana kidogo. Surinder akapiga magoti, akainama akanitazama. "Aunti, uko salama?" Nikamwambia, nipo mahali pangu, chukua kisheti. Akachukua. Akala hapo hapo chini, hakuniuliza kitu kingine.

Sasa nakwambia wewe ambalo sikumwambia yeye.

Usiku ule Unguja, wa Mapinduzi, nilikuwa mtoto bado. Tulitiwa chini ya kitanda cha samadari cha shangazi, mimi na ndugu yangu Matar aliyekuwa hajaachishwa ziwa sawasawa. Nje watu wanapita na wanapiga milango. Matar akataka kulia kwa njaa. Hapakuwa na chakula, ndiyo maana mimi siendi tena chini ya kitu mikono mitupu. Shangazi akataka kumziba mdomo kwa nguo, nikaona uso wake unabadilika rangi. Nikamtoa mikononi mwa shangazi. Nikamfanya Maalim wetu wa chuo. Maalim alikuwa akitaka kupiga chafya haiji, pua inapanda, jicho moja linafumba, anangoja, anangoja, kisha inamkimbia. Nilimfanya Maalim kwa uso tu. Bila sauti. Mwanga wa taa ya njiani ulikuwa ukiingia kwa pindo la shuka, uso nilimwekea hapo. Matar akanitazama. Akasahau kulia. Tumbo lake likawa linatikisika kwa kucheka na mdomo umefumba. Nilimfanya Maalim mpaka asubuhi. Matar akaishi, akaja kuendesha mabasi huko Hounslow, akafa mzee na kelele zake.

Kwa hivyo ile video yako nimeikasirikia kwa mambo mawili. La kwanza hukuniuliza. La pili umekosea. Chini ya meza hakuna mtu anayepiga makelele. Anayepiga makelele hakuwahi kuingia kwa haja. Na hao wanajeshi wako sasa wanaingia kwa haja.

Teresia wako anasema khidma ya nchi. Mimi nchi zimenichosha, moja imenifukuza, nyengine imenipa flati bila lifti. Lakini mtoto mwenye hofu namjua, awe amevaa nguo gani.

Nifanye. Nimekupa ruhusa. Ila nifanye sawa.

Na wambie hao wakubwa wako wamtafute Mswahili waisome ile barua. Sina siri humo ila nguo zako za ndani.

Bibi yako,
Ghalia


Kambini
10 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na naomba radhi, na kaa chini kwanza kabla hujaisoma hii.

Niliwambia kama ulivyosema: mtafuteni Mswahili. Wakasema hapana Mswahili. Nikawambia jeshi la Uingereza lina Wakenya, tafuteni vizuri. Wakampata sajenti wa magari, anaitwa Zephaniah, mtu wa Nakuru, kifua kama kabati. Kiswahili anacho, lakini herufi za Kiarabu hajui hata moja. Na yule msomaji wao herufi anazijua na Kiswahili hajui hata neno. Basi Meja, mwanamke mmoja mkali hivi, akawakalisha bega kwa bega. Msomaji anatamka bila kufahamu anachosema, Zephaniah anasikiliza bila kuona kilichoandikwa, na Meja anaandika. Mimi nimewekwa kwenye kiti katikati.

Msomaji akaanza, pole pole, kwa sauti nzito kama anasoma khutba. "Afra. Usilale. Na. Nywele mbichi."

Zephaniah akatafsiri. Meja akaandika.

"Vesti. Vaa mbili. Hizo suruali za ndani. Za kamba kamba. Ulizoficha kwenye droo. Mimi nimeziona. Si nguo. Ni uzi."

Zephaniah akaitazama dari. Meja akasema, "Endelea, Sajenti." Akasema, "Afande, ni mambo ya familia." "Endelea." Akaendelea, Bibi. Neno kwa neno. Masikio yake yalikuwa mekundu na yeye ni mweusi kuliko mimi. Msomaji peke yake ndiye aliyekuwa hajui anachosoma, akazidi kupaza sauti.

Kisha ikaja pale ulipoandika, "Ukimwona mwanajeshi mwembamba, mpe visheti kabla hujala wewe. Huyo mamake hajui kama amekula." Zephaniah akatafsiri mpaka nusu. Akaomba maji. Meja akaweka kalamu chini, akasema inatosha.

Wamenirudishia vitu vyote, na visheti, ingawa vimekuwa mawe. Meja mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Hakusema samahani. Alisema, "Utaratibu ni utaratibu." Nikatoka nikarudi bwaloni, na watu walinipisha meza kama kawaida, lakini mmoja aliniuliza, kwa upole tu, "Kwani nyinyi asili yenu wapi hasa?" Kwa hivyo hilo nalo limekwisha. Lilikuwa zuri lilipokuwepo.

Sikutaka kupanda tena. Nilikaa pembeni siku kadhaa. Kisha Jumapili, wakati wa chakula cha jioni, king'ora. Tukaingia chini ya meza. Safari hii kilikaa, Bibi, hakikuzimika upesi, na taa zikakatika ikabaki ile ya kijani ya mlango wa dharura. Kando yangu kijana mmoja wa Leeds, hajafika miaka ishirini, kashika mkono wa nguo yangu bila kujijua, anapumua kama Matar. Sikumjua Matar utotoni mwake lakini nilijua tu.

Nikaweka uso wangu kwenye ile taa. Nikakufanya. Bila khanga, bila mgongo, bila sauti. Nilikufanya unavyosikiliza wanawake wa msikitini wakikwambia jambo lisilokuhusu: lile jicho, na mdomo unavyokwenda upande mmoja. Yule kijana akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Akamgusa mwenzake, naye akageuka. Meza nzima, Bibi, wanaume wazima wamejikunja, wanacheka na midomo wameiziba kwa viganja, machozi yanawatoka, na haukusikika hata mlio mmoja. Kwenye meza ya pili wakainua kitambaa ili waone. Nikaendelea mpaka taa zikarudi.

Yule kijana aliponiachia, mkono wa nguo ulikuwa umechanika kwenye mshono.

Kiti bado. Jina langu wamelirudisha kwenye orodha, lakini chini, na ndege zinabeba majeruhi kwanza, na ni haki. Kila asubuhi naliangalia. Wanasema labda kabla ya Idi, labda baada. Mlango wa chumba changu sasa haufungwi kwa nje, nalala na wenzangu, lakini bahari ipo pande zote na kila upande una mtu wa kuzuia. Siwezi kukudanganya tena kwamba ni pazuri.

Wako,
Afra


Ilford
17 Februari, mkesha wa Ramadhani

Mke mwenzangu,

Ramadhani njema. Mamako anakusalimu, kapata shifti za mchana mwezi huu, tutafuturu pamoja kama binaadamu. Barua yako nimemsomea mwenyewe, herufi kwa herufi, amekaa, sikumruhusu kusimama. Ilipofika kwenye suruali za ndani alijifunika uso kwa mto. Ilipofika kwenye ndege alikwenda chumbani kwake, nikamwacha.

Wanawake wa msikitini wameiona video. Walipanda. Nikawambia, ndiyo, ni mimi, nimetumwa. Nani kati yenu jeshi limewahi kumwomba kwa jina? Mmoja akataka kusema jambo. Nikamtazama kwa lile jicho. Akanywa chai yote.

Orodha usiitazame kila asubuhi, itakula. Tazama siku moja ndiyo, moja hapana, kama maonyesho yako. Mimi ngazi naanza kuzijaribu. Leo nimefika nusu, nimekaa hapo kwenye saruji na Amisha kaniletea kiti. Nimerudi juu kwa matako, lakini nimefika nusu.

Sina la kukwambia la kukutoa huko. Ningekuwa nalo ningelitia kwenye kifurushi. Utakaa mpaka waseme, na mimi nitakaa mpaka lifti, na hivyo ndivyo ilivyo, sitaipaka sukari.

Lakini siku watakayokuleta, sikiliza. Usipitie dukani kuninunulia kitu. Usianze kulia mlangoni, mamako ataanza naye na futari itaungua. Vua viatu, nawa mikono, vuta lile zulia dogo uliweke mbele ya kochi langu, uzime televisheni. Wao umewapelekea mimi; na mimi niletee wao. Nifanyie Meja anavyoweka kalamu. Nifanyie yule msomaji na khutba yake ya nguo za ndani. Nifanyie Zephaniah anavyoomba maji. Na yule wa Leeds mfanye mwisho, na umfanye pole pole, maana huyo nataka kumwona uso.

Bibi yako,
Ghalia